Ukuta ulivunjika, mgonjwa hakupata nafuu zaidi: kisa cha exebacase

Julai 2022, jaribio lililoitwa DISRUPT, la dawa ya maambukizi ya damu yanayoletwa na bakteria Staphylococcus aureus, lilisitishwa kabla ya wakati wake. Hapakuwa na madhara ya kutisha yaliyojitokeza. Kamati huru ya kufuatilia usalama na takwimu, ambayo iliruhusiwa kuona nani amepewa dawa na nani amepewa plasebo, yaani dawa bandia isiyotibu, ilipiga hesabu jaribio likiwa njiani na kubaini kwamba hata likiendelea hadi mwisho, uwezekano wa dawa kushinda ulikuwa finyu mno. Kamati ikashauri lisimamishwe, nalo likasimamishwa.

Dawa hiyo ni exebacase. Ni kimeng'enya cha bakteriofaji, au faji kwa kifupi, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria tu, na ndicho cha kwanza cha aina yake kufika majaribio ya awamu ya tatu nchini Marekani. Kwa takriban miaka ishirini kabla ya hapo, watafiti walioviona vimeng'enya hivi vikifanya kazi maabara walipata matumaini makubwa, na matumaini hayo yalikuwa na msingi wa kweli. Kimeng'enya kinakata ukuta wa bakteria, na bakteria anakufa papo hapo. Hilo halijapingwa na mtu hadi leo. Mimi naona kisa hiki kiliharibikia kwingine: uamuzi mzito ulijengwa juu ya wagonjwa 43, na kati yao 16 tu ndio waliobeba uzito wote wa ulinganisho. Ili hoja hiyo ieleweke, lazima kwanza tuone kimeng'enya kinafanya nini.

Namna faji inavyotoka ndani ya bakteria

Faji ikishaingiza vinasaba vyake ndani ya bakteria, humgeuza kuwa kiwanda cha kutengeneza faji nyingine. Baada ya muda mfupi, mara nyingi chini ya saa moja, ndani kunajaa chembe mpya ambazo hazina pa kutokea. Ukuta wa bakteria umezifungia.

Ukuta huo umejengwa kwa peptidoglikani. Ni minyororo mirefu ya sukari mbili zinazopokezana, na kutoka kwenye kila sukari ya pili kunaning'inia kipande kifupi cha asidi amino. Vipande hivyo huunganishwa na vya mnyororo wa jirani, hivyo seli nzima inazungukwa na mtandao mmoja usiokatika mahali popote. Kwa Staphylococcus aureus, kiungo kati ya mnyororo na mnyororo ni daraja la glisini tano zilizofuatana. Bakteria wa kundi la Gram chanya, ambamo S. aureus yumo, wana tabaka nene la peptidoglikani lililo wazi kwa nje. Wale wa Gram hasi wana tabaka jembamba, tena limefunikwa na utando mwingine wa nje. Tofauti hiyo itakuwa na maana kubwa mbele.

Kazi ya mtandao huo ni kuzuia seli isipasuke. Ndani ya bakteria wa Gram chanya kuna shinikizo linalokadiriwa kufikia angahewa 20 au zaidi, karibu mara kumi ya upepo ulio ndani ya tairi la gari dogo. Kinachozuia shinikizo hilo ni ukuta peke yake. Utando laini ulio chini yake hauwezi kulihimili hata kidogo.

Faji hutumia protini mbili kujifungulia njia. Ya kwanza, holini, hujikusanya kwenye utando wa ndani bila kufanya lolote hadi saa yake ifike, kisha hutoboa utando kwa ghafla. Ya pili ni endolisini, kimeng'enya ambacho muda wote huo kilikuwa kimejaa ndani ya seli bila kuufikia ukuta. Matundu yakifunguka, endolisini inapita na kuanza kukata. Ziko zinazokata kati ya sukari na sukari, ziko zinazotenganisha sukari na kipande cha asidi amino, na ziko zinazokata ndani ya vipande hivyo au kwenye daraja lenyewe. Shinikizo la ndani humalizia kazi. Kwenye picha za hadubini ya elektroni, mahali palipokatwa huonekana utando ukitokeza nje ya ukuta kama puto, unavimba, kisha unapasuka na yaliyomo yanamwagika.

Vincent Fischetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliuliza swali rahisi: kimeng'enya hiki kikisafishwa na kumiminiwa bakteria kwa nje, bila faji yoyote, itakuwaje? Kwa bakteria wa Gram hasi, mara nyingi hakuna kinachotokea, kwa sababu utando wa nje unakizuia kisifike kwenye ukuta. Kwa wale wa Gram chanya, ukuta uko wazi. Mwaka 2001 kundi hilo lilichapisha matokeo ya kimeng'enya cha faji inayoitwa C1: nanogramu 10 ziliua streptokoki wa kundi A wapatao milioni 10 kwa sekunde tano. Hakuna antibiotiki inayokaribia kasi hiyo. Antibiotiki nyingi huzuia bakteria asijenge kitu fulani, kwa hiyo hungoja bakteria akue ndipo zimuue. Kimeng'enya hakingoji. Kinabomoa kilichokwisha kujengwa, hata kama bakteria amelala.

PlySs2

Exebacase ilianza ikiitwa PlySs2. Vinasaba vyake vilipatikana katika faji iliyojificha ndani ya kromosomu ya Streptococcus suis, bakteria wa nguruwe, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 2013. Ni protini ndogo, asidi amino 245, yenye sehemu mbili. Upande mmoja ni mkataji wa familia ya CHAP, anayetumia sisteini na histidini kuvunja viungo vya upande wa asidi amino. Upande wa pili, SH3, hauna uwezo wa kukata chochote. Kazi yake ni kushika ukuta, ili mkataji abaki pale pale penye kazi.

Kilichoshangaza ni wigo wake. Endolisini nyingi hupendelea aina moja ya bakteria, ile ambayo faji yake hushambulia. Hii ilitoka kwa streptokoki wa nguruwe, lakini iliua pia S. aureus, wakiwemo wale sugu kwa methisilini, antibiotiki ya jamii ya penisilini (hao huitwa MRSA), na wengine waliokuwa wameanza kuishinda antibiotiki ya vankomisini. Watafiti walijaribu kuwazoesha bakteria kimeng'enya hicho kwa dozi zilizopanda kidogo kidogo, na usugu haukutokea. Antibiotiki ya mupirosini ilipofanyiwa vivyo hivyo, usugu ulitokea. Katika panya walioambukizwa MRSA na Streptococcus pyogenes kwa pamoja, dozi moja iliokoa 22 kati ya 24.

Baadaye ilionekana pia kwamba kimeng'enya na antibiotiki kama daptomisini vikitumika pamoja huua kuliko kila kimoja kikiwa peke yake, na kwamba ndani ya damu ya binadamu kinapata nguvu zaidi kwa kushirikiana na protini za lisozimu na albumini zilizomo mwilini. Kwa mtu anayetafuta dawa ya maambukizi ya damu, ni vigumu kutamani mwanzo mzuri kuliko huo. Haja nayo ilikuwepo, na ipo bado. Makadirio ya kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 mwaka 2019, na MRSA peke yake ilichangia zaidi ya 100,000.

Neno moja kuhusu panya kabla ya kuendelea. Panya wa maabara hutibiwa saa chache tu baada ya kuambukizwa, bakteria wakiwa bado wanaelea. Binadamu mwenye S. aureus kwenye damu huletwa hospitali akiwa ameugua kwa siku kadhaa. Pengine bakteria wameshajenga makazi kwenye vali ya moyo, kwenye mfupa wa uti wa mgongo au kwenye kifaa alichowekewa mwilini.

Awamu ya pili: penye tumaini

Kampuni ya ContraFect ndiyo iliyopewa leseni ya kuiendeleza dawa. Jaribio la awamu ya pili, ambalo matokeo yake kamili yalichapishwa mwaka 2020, liliwapa wagonjwa wenye S. aureus kwenye damu dozi moja ya exebacase kwa dripu ya saa mbili, au plasebo, na wote waliendelea na antibiotiki za kawaida. Kipimo kikuu kilikuwa hali ya mgonjwa siku ya 14: je, yu hai, dalili zimepungua, hakuna matatizo mapya, wala hakuhitaji kubadilishiwa matibabu?

Waliochambuliwa walikuwa 71 upande wa dawa na 45 upande wa plasebo. Walioitikia tiba walikuwa asilimia 70.4 kwa dawa na asilimia 60.0 kwa plasebo. Kwa idadi hiyo ya watu, tofauti hiyo inaweza kuwa ya bahati tu. Jaribio kwa ujumla wake halikuthibitisha kitu.

Lakini kulikuwa na kundi dogo ndani yake, wagonjwa wa MRSA. Huko, waliopata dawa waliitikia kwa asilimia 74.1, na wa plasebo kwa asilimia 31.3. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa asilimia 3.7 dhidi ya 25. Pengo la karibu pointi 43 katika ugonjwa unaoua ni jambo kubwa mno, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliipa exebacase hadhi ya tiba ya mafanikio makubwa, ambayo huharakisha safari ya dawa kuelekea idhini, mwanzoni mwa 2020. Wakati huo awamu ya tatu ilikuwa imeshaanza, na wagonjwa wa MRSA ndio waliowekwa kuwa kipimo chake kikuu.

Hapa nashauri asilimia ziwekwe kando, tuwahesabu watu. Upande wa dawa, walioitikia ni 20 kati ya 27. Upande wa plasebo ni 5 kati ya 16. Vifo vinavyosomeka kama asilimia 25 ni watu wanne. Katika kundi la watu 16, kila mgonjwa mmoja ana uzito wa zaidi ya pointi sita. Kama watatu tu kati ya wale 11 wasioitikia wangepata nafuu, plasebo ingekuwa na 8 kati ya 16, yaani nusu, na pengo lililobaki lisingefikia hata kiwango cha kawaida cha kuitwa tofauti ya kitakwimu. Tugeuze hesabu: tuseme kiwango halisi cha kupata nafuu bila dawa ni nusu kwa nusu. Ukichukua watu 16 bila kuchagua, uwezekano wa kupata watano au pungufu walioitikia ni takriban mara moja katika kila mara kumi. Hilo si jambo adimu, hasa pale ambapo makundi madogo yaliyotazamwa ni mengi na lililong'aa ndilo likachukuliwa.

Kuna namba nyingine ambayo naona haikupewa uzito unaostahili. Ukiwaondoa wagonjwa wa MRSA kwenye jumla, wanabaki wale ambao S. aureus wao hakuwa sugu kwa methisilini: 30 kati ya 44 waliitikia upande wa dawa, na 22 kati ya 29 upande wa plasebo. Hizo ni asilimia 68 dhidi ya 76. Yaani kwa kundi kubwa zaidi la wagonjwa, mshale ulielekea upande wa pili.

Na hapa kemia inauliza swali gumu. Usugu kwa methisilini unatokana na kinasaba kinachoitwa mecA, ambacho humpa bakteria kimeng'enya cha kujengea ukuta kisichonaswa na dawa za jamii ya penisilini. Ukuta wenyewe unabaki ule ule: sukari zile zile, daraja lile lile la glisini tano. Exebacase haina namna ya kutambua bakteria sugu na asiye sugu, na maabara inawaua wote wawili. Basi kwa nini imsaidie mno mgonjwa wa kwanza na isimsaidie kabisa wa pili?

Jibu lililotolewa lilikuwa na mantiki. Mgonjwa asiye na usugu hupewa dawa za jamii ya beta-laktamu, ambazo huua haraka, kwa hiyo nafasi ya kimeng'enya kuongeza kitu ni ndogo. Mgonjwa wa MRSA hutegemea vankomisini au daptomisini, na angalau vankomisini inajulikana kwa uvivu wake, kwa hiyo nafasi ni kubwa. Naliheshimu jibu hilo. Tatizo ni kwamba jibu la namna hiyo hupatikana kwa urahisi baada ya kuona matokeo, na kama matokeo yangegeuka, maelezo mengine yenye mantiki vile vile yasingekosekana. Lilikuwa dhana inayofaa kupimwa. Lilipimwa.

Awamu ya tatu: penye jibu

DISRUPT iliwaandikisha wagonjwa 259 kabla ya kusitishwa, wawili wakipewa dawa kwa kila mmoja wa plasebo. Wagonjwa wa MRSA waliochambuliwa walikuwa 97. Walioitikia siku ya 14 upande wa dawa walikuwa 32 kati ya 64, nusu kamili. Upande wa plasebo walikuwa 20 kati ya 33, yaani asilimia 60.6.

Tazama zaidi safu ya plasebo. Ugonjwa ni ule ule, antibiotiki zilikuwa za aina zile zile kwa sehemu kubwa, na kiwango kimetoka asilimia 31.3 hadi 60.6. Kwa macho yangu, hilo ndilo jambo linalosema mengi kuliko yote katika kisa kizima. Wale 16 wa awamu ya pili hawakuwa mfano mzuri wa wagonjwa wa MRSA wanaopata matibabu ya kawaida, na ubaya wa hali yao ndio uliofanya dawa ionekane nzuri. Ukijumlisha awamu zote mbili kwa hesabu ya haraka tu, kwa kuwa masharti ya kuandikisha hayakulingana (awamu ya tatu, kwa mfano, ilijikita kwenye maambukizi ya damu na ya upande wa kulia wa moyo), unapata 52 kati ya 91 kwa dawa na 25 kati ya 49 kwa plasebo. Asilimia 57 na 51. Namba hizo zinakaa karibu na kile ambacho jaribio la kwanza kwa ujumla wake lilikuwa limeshasema: huenda kuna faida ndogo, huenda hakuna.

Je, inawezekana dawa ilifanya kazi lakini kipimo kikashindwa kuiona? Naliona swali hili kuwa halali, wala si kisingizio. Kimeng'enya kiliingia mara moja, kwa saa mbili, na mwili huiondoa protini ndogo kama hiyo kwenye damu kwa haraka. Maambukizi ya vali ya moyo hutibiwa kwa wiki kadhaa, mara nyingi sita. Kwa kuwa mtu huandikishwa baada ya maabara kuwathibitisha bakteria kwenye damu yake, huwa ameshaanzishiwa antibiotiki, na wale wanaoelea wamekwisha kupungua. Waliobaki wamejificha ndani ya jipu au kwenye vali, na ili kimeng'enya kiwakate ni lazima kwanza kiwafikie. Tena, mgonjwa anaweza kuhesabiwa kuwa hakuitikia siku ya 14 kwa sababu limegunduliwa jipu lililokuwepo tangu kabla ya kulazwa. Saa mbili za kimeng'enya haziwezi kufuta jipu hilo.

Hoja hizo zote, hata hivyo, zilikuwepo mezani kabla ya 2019. Mfano wa panya usingeweza kuzijibu, na awamu ya pili ilizigusa kwa idadi ndogo mno ya watu. Ningependa hatua ya kati ingekuwepo: jaribio la ukubwa wa wastani kwa wagonjwa wa MRSA pekee, likijaribu dozi moja dhidi ya dozi kadhaa, na likipima kitu kilicho karibu zaidi na kazi ya kimeng'enya, kama vile muda ambao damu inachukua kuwa safi. Najua gharama yake. Kampuni ndogo yenye dawa moja kubwa na wawekezaji wanaongoja haina muda wa hatua ya kati, na njia ya haraka iliyofunguliwa na wadhibiti ilivutia kwenda mbele. ContraFect iliomba kufilisiwa mwishoni mwa 2023.

Usalama, kwa upande wake, ulijibiwa vizuri. Kulikuwa na hofu kwamba protini ya kigeni ikiingizwa kwenye mshipa ingeleta mzio mkali. Katika awamu ya tatu hakuna mzio uliohusishwa na exebacase ulioripotiwa, na matukio mabaya kwa jumla yalilingana kati ya pande mbili. Watakaofuata na endolisini nyingine hawataanza na shaka ile ile.

Mlango mmoja umebaki wazi. Madaktari wa Lyon, Ufaransa, walichapisha mwaka 2021 taarifa ya wagonjwa wanne wazee wenye maambukizi sugu ya stafilokoki kwenye magoti ya bandia. Hao waliwekewa exebacase moja kwa moja ndani ya goti wakati wa upasuaji wa kusafisha, pamoja na antibiotiki. Pale hakuna kusubiri damu isafirishe dawa: kimeng'enya kinamiminwa juu ya bakteria walioganda kwenye chuma, hali inayokaribiana zaidi na ya bomba la majaribio kuliko vali ya moyo. Mimi ningeanzia hapo. Lakini wagonjwa ni wanne, na hakuna wa kulinganisha nao.